Ng'ombe anaanza lini kutoa maziwa? Maswali ninayoulizwa kila siku na wafugaji wapya

Mi nafuga Hai, Kilimanjaro, ng'ombe wa kufungia ndani, si wengi, sa hivi ninao watatu wanaokamuliwa na mitamba miwili. Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu au kusimama mlangoni anauliza mambo haya haya, mwingine kapata kiinua mgongo anataka kuanza kufuga, mwingine ameshanunua ng'ombe ndo anauliza baada ya kununua. Nimeona niyaandike yote sehemu moja, kila swali kama nilivyoulizwa.

Shikamoo mama. Ng'ombe akishakua mkubwa si anaanza tu kutoa maziwa mwenyewe?

Marahaba mwanangu. Hapana, haanzi mwenyewe. Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae. Hata awe mkubwa namna gani, mnene, mzuri, wa Kifrisiani mwenye mabaka safi kabisa, kama hajazaa huyo ni mtamba na hana tone. Maziwa ni chakula cha ndama, mwili wa ng'ombe unayatengeneza kwa sababu ya ndama, sisi tunakuja baadaye na ndoo zetu. Naanza na hili kwa sababu kuna watu wazima wenye elimu zao wamenunua mtamba wa mwaka mmoja na nusu wakampeleka nyumbani jioni, asubuhi wakaja na sufuria. Siwacheki, hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo tangu ndama jike anazaliwa mpaka nakamua ni muda gani?

Hesabu nzuri ni miaka miwili. Iko hivi, ng'ombe wa maziwa aliyelelewa vizuri anaanza kuonyesha joto, yaani kutaka dume, akiwa na miezi 9 mpaka 12, hapo usimpandishe bado, subiri mpaka miezi kama 15. Mimba yake inakaa siku kama 280, yaani miezi tisa na siku chache. Kumi na tano jumlisha tisa ni ishirini na nne. Ndama aliyezaliwa Januari 2024 apandishwe Aprili 2025 na Januari 2026 unakamua.

Hiyo ni hesabu ya aliyelelewa vizuri. Ukitembea vijijini utakuta wengi wanazaa mara ya kwanza na miaka mitatu hata zaidi, na ng'ombe wetu wa kienyeji, wale zebu wenye nundu, mara nyingi ni miaka mitatu na nusu mpaka minne. Zebu ndivyo alivyo, mwili wake unachelewa. Ila Frisiani au Eashaya (Ayrshire) au chotara anayefikisha miaka mitatu na nusu hajazaa, huyo kuna mtu alimchelewesha, na mara nyingi ni sisi wenyewe wenye banda.

Wangu ana miaka miwili na hajawahi kuonyesha joto hata siku moja. Ana ugonjwa?

Hili ndo swali ninalotaka watu walielewe kuliko yote kwa hiyo nivumilieni nitaongea kidogo.

Mtamba haangalii kalenda, anaangalia uzito. Mwili wake unaanza joto ukishafika kiasi fulani, na wakati wa kumpandisha anatakiwa awe na asilimia 60 mpaka 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Kama mama yake ana kilo 450, basi binti apandishwe akiwa na kilo 270 mpaka 290 hivi. Huna mizani? Ipo kamba ya kupimia uzito, unaizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele unasoma kilo, maduka mengi ya dawa za mifugo wanayo, na haina gharama ya kukutisha.

Sasa piga hesabu. Ndama kazaliwa na kilo 35, unataka afike 280 kwa miezi 15, hapo ni kilo 245 ndani ya siku kama 450. Yaani kila siku anatakiwa aongeze zaidi ya nusu kilo, kila siku ya Mungu, masika na kiangazi. Akikwama miezi mitatu ya mwanzo hizo kilo ni ngumu sana kuzirudisha.

Nitawaambia yaliyonikuta mimi. Miaka kadhaa nyuma nilipata majike wawili karibu kwa wakati mmoja, Pendo na Subira. Pendo alikunywa maziwa yake lita nne kwa siku miezi mitatu, asubuhi mbili jioni mbili. Subira alizaliwa wiki chache mbele, kipindi cha kufungua shule, ada inadaiwa, daftari zinadaiwa, nikawa nampa lita mbili nazichanganya na maji ya uvuguvugu ili ndoo ionekane imejaa, lita mbili zingine nauza. Alikuwa anakunywa mpaka analamba ukuta wa ndoo, halafu anasukuma ndoo tupu kwa pua anaizungusha bandani, ile sauti ya ndoo ya bati kwenye saruji mpaka leo naisikia. Akawa na tumbo kubwa, manyoya yamesimama, mgongo umejikunja. Pendo alizaa akiwa na miezi 24. Subira alizaa akiwa na miezi 37.

Nilichouza kwa kumnyima ni lita 2 kwa siku mara siku 90, lita 180. Nilichopoteza ni miezi 13 ya kulisha ng'ombe ambaye hatoi kikombe, na hata tuseme angetoa lita 8 tu kwa siku 300, hiyo ni lita 2,400. Hakuna mtu aliyenidhulumu hapo, nilifanya mwenyewe, na ndo maana nikimwona mtu anamnyima ndama jike maziwa siwezi kunyamaza. Maziwa ya ng'ombe wako yanaanza kwenye ndoo ya ndama.

Tukirudi kwa huyo wako wa miaka miwili, kwanza mpime kwa kamba. Kama yuko chini ya uzito, mtazame minyoo, mtazame kupe maana ndigana inawarudisha nyuma sana hata wakipona (chanjo ya ndigana kali ipo, anachomwa mara moja tu, mpe mapema), halafu mwekee jiwe la madini alambe na umwongezee pumba na mashudu ya alizeti. Migomba peke yake haikuzi mtamba, huku kwetu tunaipenda migomba kwa sababu ipo nyuma ya nyumba lakini ile ni maji zaidi kuliko chakula. Majani ya matembo yakatwe yakiwa laini, ukiongeza majani ya jamii ya mikunde kama lukina au lusini ndo bora zaidi.

Kama uzito uko sawa na bado hamna joto, muulize uliyemnunua kwake swali moja, alizaliwa pacha na dume? Jike aliyekaa tumbo moja na ndama dume, zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa. Damu zao zinachanganyika tumboni na homoni za dume zinaharibu kizazi cha dada yake. Kwa nje ni mzuri tu, huwezi kumjua, na kuna watu wanawauza hao makusudi. Daktari wa mifugo akimpima atakwambia.

Basi nimshindilie chakula anenepe haraka?

Hapana, na hili wengi hawalijui. Kati ya miezi mitatu mpaka tisa kiwele cha ndama jike kinakua kwa kasi kuliko mwili mwenyewe, ndo kipindi msingi unajengwa pale. Ukimjaza pumba akawa na mafuta, mafuta yanakaa kwenye kiwele mahali ambapo panatakiwa pawe na tezi za maziwa, na tezi hizo hazirudi. Utapata ng'ombe mwenye kiwele kikubwa cha kupendeza na lita tano. Akue, asinenepe. Ukimtazama unatakiwa uone mbavu mbili tatu za mwisho kwa mbali.

Baada ya hapo kazi kubwa inafanyika ndani ya mimba, hasa ile miezi mitatu ya mwisho, ndo vile vifuko vidogo vidogo vya kutengenezea maziwa vinazaliana kwa wingi. Kwa hiyo mtamba mwenye mimba kubwa asiachwe ale mabua makavu tu eti kwa sababu hakamuliwi.

Nitajuaje yuko kwenye joto na nimpandishe saa ngapi?

Joto linarudi kila siku 21, linaweza kuwa 18 au 24, na linakaa muda mfupi, saa 12 mpaka 18 hivi. Utaona anapiga kelele, hali vizuri, anapanda wenzake, ute usio na rangi, unaoonekana kama kioo, unaning'inia nyuma. Ila dalili ya uhakika ni anaposimama ametulia mwingine akimpanda. Kama uko na ng'ombe mmoja tu bandani hiyo huwezi kuiona, hapo tegemea ute na kelele na uandike tarehe ukutani.

Ukimwona asubuhi, mpandishe jioni. Ukimwona jioni, mpandishe kesho asubuhi mapema. Mpigie mtaalamu wa uhimilishaji, yule anayepandisha kwa mbegu za mrija bila dume, mara tu unapoona, usisubiri umalize kuchota maji. Mbegu za mrija hapa Tanzania zinazalishwa Usa River, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji, na mtamba anayezaa mara ya kwanza mwambie mtaalamu wazi kwamba ni mtamba ili asimletee mbegu ya dume linalotoa ndama wakubwa. Mtamba mdogo wa chotara ukimpa mbegu ya Jezi, ile aina ya ng'ombe wadogo wa maziwa, ndama anatoka mdogo na mama anazaa bila kuvutwa na kamba.

Nimenunua mtamba mwenye mimba ya miezi saba, mbona kiwele bado kiko tupu?

Mtamba anaanza kujaza kiwele wiki nne mpaka sita kabla ya kuzaa, kwa hiyo miezi saba anaweza kuwa bado. Lakini ngoja nikuulize, nani alikwambia ni saba?

Mimi niliwahi kununua mnadani mtamba wa "mimba ya miezi saba". Muuzaji alinishika mkono akauweka ubavuni mwa ng'ombe akaniambia sikia ndama huyo anacheza, na mimi nikasikia kweli, kumbe nilisikia nilichotaka kusikia, lile lilikuwa tumbo la chakula linazunguka. Miezi minne baadaye daktari akaingiza mkono mpaka begani akautoa akanitazama tu. Hakukuwa na kitu. Sasa hivi sinunui mtamba wa mimba bila daktari wangu mwenyewe kumpima kwanza, na ile ya muuzaji kusema "daktari ameshampima" haihesabiki. Mimba mtaalamu anaweza kuikuta kwa mkono kuanzia miezi miwili mpaka mitatu, kwa hiyo ya saba haiwezi kumkwepa.

Kiwele kimejaa sana na bado hajazaa. Nimkamue kidogo nione kama maziwa yapo?

Usikamue, tafadhali. Kwenye ncha ya kila chuchu kuna kizibo kama nta, kinaziba kisiingie kitu. Ukikamua unakitoa, unawafungulia vijidudu mlango, unamkaribisha ugonjwa wa kiwele hata kabla ng'ombe hajaanza kazi. Na hicho unachokamua ni dang'a, maziwa ya kwanza, ya ndama ambaye bado yuko tumboni.

Mtamba anaweza kuvimba mpaka uvimbe unatambaa mbele kuelekea kitovuni, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Kwa mzao wa kwanza hiyo ni kawaida, ni maji, yataisha siku chache baada ya kuzaa. Mtoe atembeetembee. Ikiwa kiwele kina moto, chekundu, na akiguswa anaruka kwa maumivu, hapo ni ugonjwa, ita daktari.

Dalili za kwamba ni leo au kesho ni hizi, uke unavimba na kulegea, mishipa ya pembeni mwa shina la mkia inalegea panakuwa na mashimo mawili, chuchu zinang'aa kama zimepakwa mafuta, na anajitenga. Mimi ile mishipa ya mkia ndo inanilaza bandani, ikishalegea kabisa nabeba blanketi.

Ni nini kinawasha maziwa siku ile ya kuzaa? Miezi tisa yote hayatoki halafu ghafla yanatoka.

Swali zuri sana hili. Wakati wa mimba mwili wa ng'ombe unakuwa na homoni moja inaitwa projesteroni, kazi yake ni kuilinda mimba, na ikiwa juu inazuia maziwa yasianze. Ndama akishakomaa tumboni ndiye anayepiga kengele, mwili wake mdogo unatoa homoni yake ambayo inafanya projesteroni ya mama ishuke. Ikishuka, prolaktini, ile ya kutengeneza maziwa, inapanda na kufanya kazi yake bila breki. Kwa hiyo uchungu wa kuzaa na maziwa vinatoka kwenye amri moja, na amri hiyo inatoka kwa ndama. Kila nikimwona ndama anasimama kwa miguu inayotetemeka namkumbuka huyu ndo aliyefungua bomba.

Na kazi ni kubwa jamani. Ili lita moja ya maziwa ipatikane, inabidi lita 400 mpaka 500 za damu zipite kwenye kiwele. Halafu maziwa yenyewe asilimia 87 ni maji, sasa mtu anampa ng'ombe ndoo moja asubuhi anashangaa kwa nini hatoi. Maji yawepo muda wote, usiku na mchana.

Dang'a ni nini na ndama anywe kiasi gani?

Dang'a ni maziwa ya kwanza kabisa, mazito, ya njano, yananata vidoleni. Ng'ombe hapitishi kinga kwenda kwa ndama kupitia kondo la nyuma kama binadamu anavyompa mtoto tumboni, ndama anazaliwa mtupu, hana kinga hata ya kuhara. Kinga yote iko kwenye dang'a. Na utumbo wake unaweza kuichukua kinga hiyo kwa muda mfupi tu, saa za mwanzo ndo mlango uko wazi kabisa, kila saa inayopita unajifunga, na ikifika kama saa 24 umeshafungwa. Baada ya hapo hata umpe ndoo nzima anapata chakula tu, kinga hapati.

Kwa hiyo ndani ya saa mbili awe ameshakunywa kiasi cha moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa Frisiani wa kilo 40 ni lita 4, wa Jezi wa kilo 25 ni lita mbili na nusu, na ndani ya saa 12 umpe tena. Usiseme "nimemwacha na mama yake atanyonya mwenyewe", wengine miguu haijakaza, wengine kiwele cha mama kiko chini hawakioni, wanahangaika kunyonya goti la mama au ukuta. Kaa naye. Mwekee kidole mdomoni anyonye, umshushe taratibu kwenye chuchu au ndoo.

Kuna wanaosema dang'a ni chafu imwagwe. Hapana jamani, msimwage. Na wale wanaoiwahi kuipika kwa sababu ikichemshwa inaganda tamu kama mayai, watoto wanaipenda, sawa, lakini ndama kwanza, ikibaki ndo iende jikoni.

Amezaa salama lakini nikikamua hayatoki. Nimekamua mpaka vidole vinauma.

Maziwa yapo, hajayaachia. Kutengeneza maziwa ni jambo moja na kuyaachia ni jingine. Anayeachia ni homoni ya oksitosini, inakuja ng'ombe akisikia raha, akioshwa kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akiguswa chuchu, akisikia ndoo anayoijua au harufu ya pumba. Ikishaingia una dakika tano mpaka saba hivi za kukamua, baada ya hapo inaisha na yaliyobaki yanabaki. Kwa hiyo osha, kausha, kaa, kamua mfululizo, simu iache ndani.

Mtamba akiogopa, akipigwa, akiona mgeni au mbwa, mwili unatoa homoni ya hofu na ile ya kuachia maziwa inakatika papo hapo. Mtu anampiga fimbo kwa sababu amerusha teke, halafu anakaa kukamua, anapata kikombe, anampiga tena. Hapo ameharibu mwezi mzima. Mzoesheni kabla hajazaa, wiki zile za mwisho mguse mguse kiwele kila siku bila kukamua, mwite jina lake, aingie sehemu ya kukamulia ale pumba atoke. Siku akizaa hapo panakuwa kwake. Na sindano za kushusha maziwa kila siku msianze, anazoea hawezi tena bila sindano.

Ila tofautisha. Ng'ombe aliyezaa ndani ya siku tatu halafu akaanza kuyumba, masikio ya baridi, akalala amekunja shingo pembeni kama herufi S, hiyo ni homa ya maziwa, na ingawa inaitwa homa mwili wake unakuwa wa baridi, kalsiamu imekwisha kwenye damu kwa sababu imekimbilia kwenye maziwa. Mara nyingi inawapata waliozaa mara ya tatu na kuendelea na Jezi zaidi, mitamba ni nadra. Ni dharura ya saa, daktari amchome kalsiamu. Kondo la nyuma nalo likipita saa 12 halijatoka ita daktari, usilivute.

Mzao wa kwanza nitegemee lita ngapi?

Kwa mzao wa kwanza tegemea kama robo tatu ya atakachotoa akishakomaa, kwa hiyo usimuuze kwa hasira. Zebu wa kienyeji lita moja mpaka tatu kwa siku, chotara aliyelishwa lita sita mpaka kumi na mbili, Frisiani halisi kwenye mikono mizuri ishirini na zaidi. Maziwa yanapanda tangu kuzaa mpaka wiki ya sita au ya nane, halafu yanaanza kushuka polepole. Shida ni kwamba hamu ya kula inapanda kwa kuchelewa kuliko maziwa, kwa hiyo wiki hizo za mwanzo anakamua mwili wake mwenyewe, utamwona anakonda, na mtamba bado anakua pia. Mwongeze chakula mapema, kidogo kidogo, usimshtue.

Akianza anaendelea mpaka lini?

Miezi kumi hivi, vitabu vinahesabu siku 305. Kuanzia siku ya 60 baada ya kuzaa anaweza kupandishwa tena, halafu siku 60 kabla ya kuzaa tena unamkausha hata kama bado anatoa lita sita. Najua inauma. Lakini kiwele kinatumia miezi hiyo miwili kubomoa tezi zilizochoka na kujenga mpya, ukimkamua mpaka siku ya kuzaa mzao unaofuata unapungua na dang'a inakuwa nyepesi.

Mama samahani, ndama amekufa. Maziwa yatakauka?

Pole sana. Kama ni ng'ombe wa kisasa hapana, mkamue kama kawaida mara mbili kwa siku kwa saa zile zile, kiwele kinaendelea kwa sababu kinatolewa maziwa. Zebu na chotara wa karibu na zebu ndo wagumu, wengi hawaachii bila kumwona ndama, ndo maana wafugaji wa asili walikuwa wanahifadhi ngozi ya ndama wanaipaka chumvi wanamwekea mama alambe wakati wa kukamua. Inafanya kazi, ukiwahi kuona ng'ombe analamba ngozi ya mtoto wake huku maziwa yanashuka hutasahau.

Ikiwa ametupa mimba akiwa amepita miezi saba anaweza pia kuanza maziwa, kidogo kuliko kawaida. Hapo usifurahie maziwa kwanza. Kutupa mimba kunaweza kuwa brusela, inampata na binadamu, usishike kondo kwa mikono mitupu, ng'ombe apimwe, na maziwa ya nyumba hiyo, kama ya nyumba nyingine yoyote, yachemshwe.

Mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe wanatoa ng'ombe anayekamuliwa?

Kwa kawaida wanatoa mtamba mwenye mimba, kisha unalipa mtamba kutokana na ndama jike wa kwanza. Mama yangu alipata ng'ombe wake wa kwanza hivyo hivyo. Ninachowaomba ni hiki, yule ndama wa kulipa msimlee kama mtoto wa kambo kwa sababu ni wa kwenda. Kuna jirani mahali anajenga banda anamsubiri, na miaka miwili ijayo maziwa ya watoto wake yanategemea lita ulizompa au ulizomnyima.

Siku ya ngapi naweza kuanza kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa?

Baada ya siku tano tangu azae. Rangi inakuwa imeshageuka nyeupe lakini usitegemee macho, maana dang'a hata kidogo ikichanganyika na maziwa ya wenzako kwenye keni inaweza kuyaharibu yote yakichemshwa. Mama yangu alinifundisha kuchukua kikombe kimoja asubuhi, nakiweka kwenye sufuria ndogo jikoni, moto wa wastani, nasimama pale pale. Yakianza kukatika vipande pembeni kabla hayajachemka, hayo bado ni ya ndama, narudi bandani nampa. Asubuhi yakipanda meupe mpaka ukingoni bila kukatika ndo nachukua keni.